Nyanya Ananisemesha Kiswahili

Kitu cha kwanza kilichonipandisha hasira likizo hii ni bango. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mkonge kwenye lango la shule yangu ya msingi, ile iliyo kwenye mteremko ukitoka soko la Nyaramba, nalo lilikuwa na picha ya kibuyu, chungu, na ajuza mmoja aliyeokotwa mtandaoni, ajuza ambaye nakuapia hajawahi kuonja ugali wa wimbi. Chini ya picha waliandika kwamba shule inaadhimisha lugha ya mama na wote wanakaribishwa. Waliandika kwa Kiingereza. Nilisimama pale na mkoba mgongoni nikalisoma bango zima, juu hadi chini, nikitafuta neno moja la Ekegusii, lugha yetu Wagusii, hata la bahati mbaya. Halikuwepo.

Ndipo akatokea yeye mwenyewe, aliyekuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye sasa ni naibu wa mwalimu mkuu na tumbo lake limepanda cheo pamoja naye.

"You," akaniita. "You are lost."

Usishtuke, rafiki yangu, sikuwa nimepotea. Kwetu mtu asipoonekana siku nyingi huambiwa amepotea, nasi tukalibeba neno hilo jinsi lilivyo tukalitumbukiza katika Kiingereza. Mwingereza akiambiwa hivyo nadhani hutafuta ramani. Mimi nilisema, "Nipo, Mwalimu."

"Nyanyako bado yuko hai?"

"Yuko."

"Basi mlete Ijumaa. Tunataka mzee wa kweli, wa kuongea Ekegusii ile ya ndani, watoto wasikie. Hawa wa siku hizi hawajui kitu. Tutamweka kwenye hema, na soda yake."

Alisema hivyo akitabasamu, mikono mfukoni, kama mtu aliyesahau kabisa. Sasa mimi ni mtu wa kuchekesha watu hadi matangani. Shule ya bweni ninakosoma sasa hata walimu hunikimbia wakiwa na haraka. Lakini mbele yake niliitikia kama mtoto wa darasa la tano. Nikasema nitamwambia, nikashuka njia nikipiga mawe teke hadi kiatu kikafunguka mdomo.

Kaa basi nikusimulie, maana nikinyamaza nitapasuka.

Nililelewa na nyanya. Wazazi wangu walikuwa Kisii mjini, baba ofisini na tai yake, mama dukani na nguo zake za watoto, nami nikaachwa kijijini ninywe maziwa ninenepe. Na kama wewe si wa huku, kuna jambo ni lazima nikueleze. Kwetu mtu hamtanii mzazi wake. Mbele ya baba na mama, na mbele ya yeyote wa rika lao, kuna maneno hayatamkwi, kuna nguo hazitajwi, kuna kicheko unakimeza kikukwame. Lakini nyanya na mjukuu wamefunguliwa mlango. Hao ni watani. Wanaweza kuambiana lolote, na yeyote atakayekasirika ndiye mwenye makosa.

Nyanya aliniita omogaka, yaani mzee, mume wake. Alinishtaki kwa majirani kwamba mume aliyeletewa safari hii anakojoa kitandani. Nami niliwaambia majirani hao hao kwamba mke huyu hana meno, nirudishiwe ng'ombe wangu wa mahari. Alinifundisha kuchuma majani chai kwa matusi. Nikichelewa kwenye mistari, kikapu kikining'inia mgongoni na umande umenilowesha hadi kiunoni, alipaza sauti shamba zima lisikie kwamba mumewe anachuma kama anayemtekenya ng'ombe. Wachumaji wengine walicheka hadi wakaangusha majani. Mchana mvua ya huku ilipoanza kupiga mabati, tulikimbilia jikoni, na pale kulikuwa na chungu cha chinsaga, mboga chungu ile inayochemshwa polepole na maziwa hadi uchungu wake unajuta. Alinipakulia na obokima, ugali wa wimbi, mweusi, mzito kama jiwe la mto, akaniuliza kama mke wangu mwingine wa mjini anajua kupika hivi. Kila neno la Ekegusii ninalolijua lilinuka moshi wa jiko lile.

Halafu kulikuwa na shule.

Kiingereza chetu kilikuwa kitamu, acha nisikudanganye. Tulisema "me I" kabla ya kila jambo. Mtu akiondoka alisema "I am coming," na huku unaona mgongo wake unapotea kwenye migomba. Kalamu tuliambiana "borrow me." Mtu akitaka nafasi kwenye benchi alisema "extend," na benchi lote lilisogea kama treni. Nimekuja kufikiri baadaye kwamba hayo hayakuwa ujinga. Ilikuwa adabu yetu imevaa shati la kuazima. Unajitaja kwanza ili ijulikane nani anaongea. Husemi naenda, unasema naja, kwa sababu ni mkosi kumwacha mwenzako kana kwamba hurudi. Na benchi letu halikuwahi kujaa, kwa sababu mtu husogea. Lakini nani angemwambia mwalimu yule hayo?

Yeye alikuwa na diski. Kama ulisoma bara unaijua. Yetu ilikuwa kipande cha mbao kilichokatwa kutoka kiti kilichovunjika, kikatobolewa tundu, kikatiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu "I am stupid." Ukiongea Ekegusii, unavishwa. Ukikosea Kiingereza, unavishwa. Unakaa nacho shingoni hadi umkamate mwingine anayekosea, umpe. Jioni mwalimu anamwita wa mwisho, wa mwisho anamtaja aliyempa, huyo anamtaja aliyempa, hadi mlolongo mzima uko mbele na fimbo inafanya kazi. Kwa hiyo tulikuwa wapelelezi. Marafiki walikanyagana vidole makusudi, kwa sababu mtu akiumia hulia kwa lugha ya mamake, na hapo umemnasa. Wengine waliacha kuongea kabisa. Tulikuwa na msichana darasani ambaye sauti yake siikumbuki, na tulikaa naye deski moja mwaka mzima.

Na yeye mwenyewe, mtaalamu, je? Alituambia "pick those papers and put them where they are not." Alituuliza "why are you laughing me?" Hakuna aliyemvisha. Sabato tulimwona kanisani, suti ya kahawia, amefumba macho, akimwomba Mungu kwa Ekegusii safi hadi jasho linamtiririka. Huko mbinguni, nadhani, diski ilikuwa haijafika.

Basi asubuhi moja ya matope alikuwa akiingia darasani, kiatu kikateleza kwenye kizingiti, akapiga goti chini na chaki zikatawanyika. Darasa lote tukasema kwa pamoja, kwa moyo kabisa, "Sorry, teacher." Ungefanyaje wewe? Kwetu hata mbuzi akijikwaa huambiwa pole.

Akajipangusa. Akauliza nani amemsukuma.

"Then why are you saying sorry?"

Akaanza somo refu. Hakuna aliyemsukuma, kwa hiyo hakuna wa kuomba msamaha, kwa hiyo darasa zima limekosea. Sisi ni watu wa porini tunaotafsiri kila kitu. Nikainua mkono. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu chote, kwamba nimeelewa, na siku nyingine akianguka tutamtazama tu mpaka amalize.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mimi nikaambiwa nisikanyage tena pale bila mzazi, na nikija bila mzazi nitafute shule nyingine.

Wazazi walikuwa mjini. Akaja nyanya. Alivaa gauni lake la Sabato, kitambaa cheupe kichwani, akasugua viatu vyake vya plastiki kwa majivu. Kwapani alibeba kichane cha ndizi tamu alizoziivisha darini, kwa sababu mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Njiani alinitania kwamba anaenda kunidai kwa polisi. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Mamake mwalimu alikuwa mwenzake wa ujana, waliolewa msimu mmoja, kwa hiyo mwalimu alikuwa mwanawe. Mwalimu alipaswa kumwita nyanya baba. Ndiyo, kwa Ekegusii neno baba maana yake ni mama, usiniulize, sikuitunga mimi.

Mwalimu hakutoka nje. Alimwita ndani, mbele ya darasa. Nyanya akasimama karibu na ubao akaanza kumsalimu inavyotakiwa. Watu wa nyumbani wameamkaje. Watoto je. Yule ng'ombe niliyesikia amezaa, ndama anasimama? Mtu halitaji jambo lililomleta kabla salamu hazijatua.

Mwalimu akainua mkono. "Mama, English only in this compound."

Nyanya hakuisikia lugha hiyo. Alitabasamu, akaendelea na habari za mvua na chai.

"Class," mwalimu akasema, akitugeukia huku anachekacheka, "what is the law?"

Hata wale wapelelezi sugu waliinamisha macho. Akaenda kwenye msumari, akaichukua diski, akamvisha nyanya yangu shingoni, juu ya gauni la Sabato. Yeye kwake ulikuwa mzaha. Alisema hata mama lazima awe mfano kwa watoto.

Sasa nisikilize. Nyanya hajui kusoma. Kanisani kwetu mgeni wa heshima hufungwa utepe wa rangi kifuani. Aliitazama ile mbao, akaigeuza, akaiweka sawa ikae katikati ya kifua. Akamshika mwalimu mikono yote miwili, akainama kidogo. "Mbuya mono, omwana one." Ahsante sana, mwanangu. Akamwekea ndizi mezani.

Nilimpigia nyanya kelele kwa Ekegusii, "Magokoro, kitoe!" Lakini alikuwa ameshatoka, na mwalimu aliusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga. Akaniambia nipige magoti nitazame ukuta, kwa sababu nimeongeza kosa juu ya kosa. Kisha akakonyoa ndizi moja, akaimenya, akaila huku akitufundisha matumizi ya "the." Alikula ya pili pia. Hadi leo nikiona mtu anakula ndizi akiongea Kiingereza, mimi huhama meza.

Yaliyofuata niliambiwa na jirani yetu, mama mmoja anayeuza nyanya na vitunguu karibu na mashine ya kusaga.

"Alikuja hapa kifua mbele kama mke wa chifu," alinisimulia. "Watu walikuwa foleni na wimbi lao. Akasema, nisomeeni heshima niliyopewa na mwalimu wa mjukuu wangu."

"Mkamsomea?"

"Mimi nilimwambia sina miwani. Akanicheka, akasema, wewe umekuwa na miwani lini? Akamwendea mwenye mashine. Yule naye akasema maandishi yamefutika."

"Halafu?"

"Halafu akatutazama, mmoja mmoja. Asiyejua kusoma husoma uso wa mtu. Akaniambia, jirani, wewe ulifika kidato cha pili, niambie. Nikamwambia."

Nyanya aliitoa shingoni, jirani akasema, akaifunga ndani ya leso, akampa mtoto airudishe shule, kwa sababu haikuwa yake. Kisha akatembea nyumbani peke yake.

Nilifika jioni nikiwa na mipango ya vita. Mawe ya kurusha juu ya bati la mwalimu nilikuwa nimeshayakusanya mfukoni. Nyanya alikuwa jikoni, mgongo kwangu, anakoroga. Nilianza vile tulivyozoea. Nikamwuliza mke wangu amenipikia nini leo, au nirudi kwa yule wa mjini.

Hakugeuka. Akasema, "Nawa mikono. Kula chakula."

Kwa Kiswahili.

Niligeuka kutazama nyuma yangu, nikidhani kuna mgeni ameingia. Ujue kwetu Kiswahili nyumbani hutolewa kama vikombe vya kabatini. Ni cha polisi, cha karani wa kituo cha chai, cha mchuuzi aliyetoka mbali. Hakuna mtu anayemwambia wa damu yake "kula chakula" kwa Kiswahili, labda awe hamtaki. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikacheka, nikijua ni utani mpya.

Ndipo akaniambia maneno ya mwisho ya Ekegusii aliyowahi kuniambia mimi. Alisema, "Kitu wanachokupigia ni kitu nilichokutia mimi mdomoni. Sitakutia tena."

Na hakunitia.

Nilidhani ingepita kama mafua. Nilimtukania mboga zake. Nilidai mahari. Nilijifanya nimekanyaga kaa la moto ili ashtuke alie kwa lugha yetu. Alisema, "Pole. Weka maji." Mwanamke aliyekuwa na matusi ya kila aina kwa ng'ombe mmoja alibaki na maneno ambayo ungeyaweka kiganjani. Kula. Lala. Soma. Sawa. Kila kitu kwake kilikuwa "iko": chai iko, vitabu iko, viatu yako iko nje. Hana utani katika Kiswahili. Angeutoa wapi? Hakuna aliyewahi kumpenda kwa lugha hiyo.

Na usifikiri aliisha. Wajomba wakija, jikoni kulivuma. Nilikuwa nikisimama nje, mgongo kwenye ukuta wa udongo, nikimsikiliza nyanya yangu akiwamaliza watu kwa kicheko, akiiga mchungaji, akimsema jogoo wake. Niliposukuma mlango kuingia, aliniona, akafuta macho kwa ncha ya leso, akasema, "Karibu. Chai iko."

Nikakisoma hicho Kiingereza chao. Nilikisoma kwa hasira hadi nikapata alama za kunipeleka shule ya bweni, na kila mtu kijijini akasema unaona, mbinu ya mwalimu inafanya kazi. Nyanya naye alisema, "Umeona." Siku hizi nasema "pardon." Lakini Ekegusii yangu ilikoma pale pale, darasa la tano. Naweza kusalimu, kuomba chakula, kufukuza ng'ombe kwenye mahindi. Siwezi kumfariji mfiwa. Siwezi kumsuta mtu akasikia. Wenzangu bwenini waliotoka Nyamarambe, Wagusii kama mimi, huniambia naongea kama mtoto mdogo, nami huwachekesha kwa Kiingereza ili wasahau. Ndiyo maana hata hii nakuandikia kwa Kiswahili, rafiki yangu. Tumebaki na lugha ya wageni, mtu na nyanyake.

Na leo mtu huyo ameweka bango. Anataka mzee wa kweli. Alikausha kisima kwa mkono wake, sasa anapita na kikombe akiuliza nani atamchotea maji, na tena atamletea soda kama malipo. Hakusema samahani. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba neno hilo ni la mwenye makosa tu, na kwa mahesabu yake hakuna aliyemsukuma mtu.

Nilimkuta nyanya uani, amenyoosha miguu juu ya gunia, anachambua maharagwe. Njia yote nilikuwa nimepanga maneno yangu, kwa Ekegusii, nikiyarudia kama mtoto anayetumwa dukani. Niliyasema yote. Kwamba Ijumaa shule ina sherehe, kwamba watoto hawaijui lugha, kwamba kuna hema, kwamba mwalimu ndiye aliyenituma. Sikumwomba aende. Nilitaka tu ajibu. Hata kama angemtukana mwalimu, hata kama angenitukana mimi, mradi tusi liwe la kwetu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa.

"Mwambie mwalimu yako," akasema, "mimi hiyo lugha sijui."

Nilicheka, kwa sababu ulikuwa utani mkubwa kuliko wote aliowahi kunitania. Yeye hakucheka. Nikamwambia, "Magokoro, mimi si mwalimu." Nilisema kwa Ekegusii, na hata mimi nilisikia maneno yalivyotoka vibaya, kichwa chini miguu juu. Alinitazama muda, kama mtu anayetafuta sura fulani kwenye sura nyingine. Kisha akainuka akishika kiuno, akaniletea kiti, akaniletea sahani.

"Kula. Umetoka mbali."

Nilikuwa sijamaliza tonge la kwanza jirani alipomwita kutoka upande wa pili wa ua. Nyanya akajibu akiwa bado anatembea kuelekea huko, na sauti ikabadilika, ikapanda, ikawa na miguu. Walikuwa wanamsema mume wa mtu. Nilishika neno hapa, neno pale. Halafu nyanya akatamka neno moja, na wote wawili wakashikilia ua wasianguke kwa kicheko.

Neno lenyewe silijui. Nilikaa pale na sahani mapajani nikilirudia kimya kimya lisinipotee, nikifikiria ni nani wa kumwuliza maana yake.